Kompyuta nzima, laini iliyokufa: kisa cha mhasibu wa ushirika wa alizeti aliyesafiri China

Kisa hiki nilikishughulikia mwenyewe nikiwa Dodoma, na baadhi ya makosa yaliyomo ni yangu. Waliohusika wamekubali nikiandike ili wanaojiandaa kusafiri na kompyuta zao wajue mapema kinachowasubiri. Majina, wilaya, kiwanda na aina ya mashine nimeviondoa. Wahusika nitawaita kwa kazi zao: mhasibu, fundi mitambo na mwenyekiti. Mimi ni fundi wa kompyuta; nina ofisi ndogo mjini, na wateja wangu wengi ni vyama vya ushirika, shule na maduka ya dawa.

## Mazingira

Ushirika huu hukusanya alizeti kutoka vijiji kadhaa vya mkoa wa Dodoma na kukamua mafuta wenyewe. Mashine yao imechoka. Ukilifinya shudu lililotoka kukamuliwa, kiganja kinabaki kinang'aa, na anayeijua biashara hii anaelewa maana yake: mafuta yanaondoka na mashudu kwa bei ya chakula cha kuku. Baada ya mavuno waliamua kununua mashine mpya, na bodi ikawatuma watu wawili China mwezi wa kumi, wakati wa yale maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou ambayo hufanyika mara mbili kwa mwaka, kuanzia Aprili na kuanzia Oktoba.

Fundi mitambo alikwenda kuikagua mashine. Mhasibu, mama wa makamo aliyezishika hesabu za ushirika huo tangu zikiwa kwenye madaftari, alikwenda kupatana bei, kupokea profoma, yaani ankara ya bei kabla ya malipo, na kuituma nyumbani. Malipo makubwa kiasi kile hayatoki bila idhini ya bodi, na bodi hujadiliana kwenye grupu la WhatsApp, kisha wenye saini wanakwenda benki. Kwa hiyo safari nzima ilisimama juu ya vitu vitatu: kompyuta mpakato ya mhasibu, simu yake, na laini yake ya simu. Msomaji aweke kidole hapo kwenye laini.

Nyaraka zote zilikuwa Google. Barua pepe ni Gmail. Hesabu na mikataba iko Google Drive, na hakuna hata faili moja lililohifadhiwa ndani ya kompyuta ili lifunguke bila mtandao. Akaunti ililindwa kwa hatua mbili: nenosiri, halafu namba inayoletwa kwa meseji kwenye laini ya mhasibu. Ulinzi huo niliuweka mimi, na ni ulinzi mzuri kwa mtu aliye nyumbani.

## Alhamisi, ofisini kwangu

Alikuja siku mbili kabla ya safari, asubuhi, akiwa na tiketi ya treni ya kwenda Dar es Salaam mkobani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nakwenda China, nitazamie hii laptop isije ikaniaibisha mbele za watu."

Nikaitazama kweli. Nilipuliza vumbi, nikapima betri, nikahuisha kinga ya virusi. Nikamweleza habari ya umeme: kwetu ni volti 230, China ni 220, na chaja imeandikwa mgongoni kwamba inapokea 100 hadi 240, kwa hiyo transfoma haihitajiki. Kinachotofautiana ni plagi. Yetu ina pini tatu nene za mstatili. Ya kule ina pini mbili bapa, au tatu zilizokaa mshazari. Nikampa adapta.

Pawabenki nikamwambia ikae kwenye mkoba wa mkononi, isiingie kwenye sanduku, na nikamhakikishia kwamba haivuki kikomo cha ndege cha wati-saa 100: ilikuwa ya mAh 20,000, ambayo kwa volti 3.7 ni wati-saa 74. Hesabu ilikuwa sawa. Sikugeuza upande wa pili kuona kwamba maandishi yalikuwa yamefutika kwa kusuguana na funguo. Walinzi wa uwanja wa kubadilishia ndege hawakuona popote palipoandikwa ukubwa wake, wakaichukua.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba sikumwuliza, "Mama, ukifika huko utafungua nini, na kwa kupitia wapi?" Niliikagua mashine iliyokuwa mezani kwangu, nikaona ni nzima, nikamtakia safari njema.

Na kulikuwa na jambo jingine nililolisahau kabisa. Miezi kadhaa nyuma, mtandao wa ofisi yao ulipokuwa unasuasua, niliiandikia kompyuta yake kwa mkono anwani ya DNS ya Google, 8.8.8.8. DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ambazo kompyuta huzifuata. Kwa kawaida kompyuta huipokea anwani hiyo kutoka mtandao wowote inaojiunga nao. Ukiiandika kwa mkono, itaibeba popote iendako, hata pale isipofaa.

## Siku mbili bila mawasiliano

Walifika Jumapili usiku. Wi-Fi ya hoteli ilitaka mgeni ajaze namba ya chumba na jina la pasipoti kwenye ukurasa unaojitokeza wenyewe. Kwenye simu ya mhasibu ulijitokeza, akajaza, akaunganishwa. Kwenye kompyuta haukutokea. Sababu ni ile DNS niliyoiandika: ukurasa wa hoteli hujitokeza pale kompyuta inapouliza njia kwa DNS ya hoteli yenyewe, na ya kwake ilikuwa inauliza kwingine, ambako ilikuwa bado haijaruhusiwa kufika.

Kwenye simu, mtandao ulikuwapo lakini Gmail ilizunguka bila kufunguka na WhatsApp ilibaki imeandika kwamba inaunganisha. Mhasibu alidhani ni udhaifu wa Wi-Fi, akaomba kubadilishiwa chumba. Wakambadilishia kwa heshima, ikawa vilevile. China inazizuia huduma hizi nchi nzima: Facebook na YouTube tangu 2009, Gmail tangu mwisho wa 2014, WhatsApp tangu 2017. Mtu anayefanya kazi zake zote kwa Google na WhatsApp akifika kule ni kama ameachiwa simu ya kupigia picha.

Laini yake nayo haikuwa na romingi, yaani huduma ya kuitumia laini ukiwa nje ya nchi. Kwenye kona ya skrini paliandikwa kwamba hakuna huduma, maana yake hata meseji ya kawaida isingeingia.

Jumatatu usiku, akitafuta suluhisho, alifuta historia na vidakuzi vyote vya kivinjari kwenye kompyuta, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha humo. Aliwahi kuniona nikifanya hivyo ofisini kwao. Kwa kitendo hicho akawa ameitoa akaunti ya ushirika kwenye kompyuta, na ili kuirudisha angehitaji namba inayokuja kwa meseji, kwenye laini isiyopokea meseji.

Huku nyumbani, meseji za mwenyekiti kwake zilibaki na tiki moja. Jumanne asubuhi familia ilimtuma kijana mmoja duka la mtandao wa simu hapa mjini akaombe laini ya mama yake ifunguliwe romingi. Akaambiwa haiwezekani bila mwenye laini. Laini zetu zimesajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA na alama za vidole, na mwenye vidole hivyo alikuwa Guangzhou. Wahudumu walifanya sawasawa. Laini ya mama ambayo mtoto anaweza kuibadilishia mipango, mwizi naye angeweza.

Saa tisa alasiri ikaniingilia meseji ya kawaida kutoka kwa fundi mitambo:

"Kaka habari za huko. Mama anasema laptop imeingiliwa na virusi. Google hakuna, WhatsApp hakuna, na kwenye laptop hakifunguki kitu chochote. Namwambia afute WhatsApp aiweke upya. Tufanyeje?"

Laini yake ilikuwa na romingi kwa sababu mwaka uliotangulia alikwenda Zambia kufuata vipuri, na hakuwahi kuizima.

## Maamuzi ya usiku ule

Kwao ilikuwa saa mbili usiku. Jibu langu la kwanza lilikuwa fupi: "Asifute WhatsApp. Asiiguse kabisa." Ukiifuta na kuiweka upya, WhatsApp hutaka kuhakiki namba kwa meseji au kwa kupigiwa simu, na laini ilikuwa imekufa. Zaidi ya hapo, duka la programu la Google nalo halifunguki kule, kwa hiyo hata kuipakua asingeweza. Fundi mitambo aliniambia baadaye kwamba meseji yangu ilipolia, kidole cha mama kilikuwa kimeshabonyeza alama ya kijani na simu inamuuliza kama ana hakika.

Halafu nikataka kujua natibu nini. Nikaomba afungue baidu.com, tovuti ya Kichina ya kutafutia mambo, kwanza kwenye simu. Ikafunguka papo hapo. Kwenye kompyuta, haikufunguka. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuna magonjwa mawili yenye homa moja. Simu ilikuwa na mtandao uliozuiwa. Kompyuta haikuwa na mtandao kabisa, na hilo lilitoka mkononi mwangu. Virusi havikuwepo. Kumrudishia mama utulivu kwa maneno hayo kulikuwa na maana kuliko hatua yoyote ya kiufundi, kwa sababu siku mbili alikuwa anaamini kwamba ameingiza wezi kwenye hesabu za watu.

Kuirudisha DNS ijipange yenyewe kulituchukua meseji sita na kama dakika arobaini. Mimi nilikuwa nimefungua kompyuta ya mfano mezani, nikisoma kila kitufe na kukiandika, naye anajibu "nimefika". Ukurasa wa hoteli ukajitokeza. Kompyuta ikapata mtandao, na Google ikabaki haifunguki, kama nilivyotarajia.

Sasa njia ya kutokea. Fundi mitambo alikuwa ameshaambiwa na Mtanzania mwenzake kule kwamba dawa ni VPN, programu inayopitisha mtandao kwa njia iliyofichwa hadi nje ya nchi. Nilikataa, na sababu zangu naziweka wazi. China hairuhusu VPN zisizoidhinishwa. Hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo Oktoba 2023 likiwataka watumiaji wa VPN kutoa taarifa zao kwa mamlaka hiyo kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Na mtu aliyekwishafika kule ataipakua wapi? Atachukua chochote kitakachopatikana, kutoka asikokujua, halafu apitishe humo nenosiri la akaunti yenye fedha za wakulima. Sikuwa tayari kubeba hilo.

Kununua laini ya China kusingesaidia, kwa kuwa kizuizi kiko kwenye mitandao yao yote. Kuna eSIM, yaani laini zisizo na kadi, za kampuni za nje ambazo mtu huzinunua kabla ya safari na huwa zinapita nje ya kizuizi, ila simu ya mama haipokei eSIM.

Ikabaki romingi ya fundi mitambo. Watu wengi hawajui kwamba data ya romingi kwa kawaida hairushwi kwenye intaneti ya nchi uliyopo. Mnara wa kule huibeba tu na kuipeleka hadi kwa mtandao wako wa nyumbani, na ni huko inakotokea. Kwa hiyo simu ya Tanzania iliyo kwenye romingi Guangzhou hufungua Gmail na WhatsApp kama vile iko Nyerere Square hapa Dodoma. Kasoro yake ni bei.

Nikamwomba fundi anunue bando la romingi, awashe hotispoti, na mama aunganishe simu yake kwanza. WhatsApp ya mama ikaamka. Haikuhitaji laini, ilihitaji mtandao tu, kwa kuwa ilikuwa bado imesajiliwa. Meseji za siku mbili zikamiminika. Kisha kompyuta. Google ikaomba nenosiri, na badala ya kung'ang'ania meseji ikapeleka swali kwenye simu yake, ambayo ilikuwa haijatoka kwenye akaunti: je, ni wewe unayejaribu kuingia? Akabonyeza ndiyo. Akanipigia kwa WhatsApp, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetua mzigo.

Nilisahau jambo moja hapo. Kompyuta ilipoona mtandao ikaanza kushusha masasisho yake na kupandisha video za maonyesho kwenda Drive, na GB 1 ya fundi mitambo ikaisha kabla ya mazungumzo yetu kwisha. Kwenye mipangilio ya Windows unaweza kuuwekea mtandao alama kwamba unalipiwa kwa kipimo, nayo ikaacha kushusha mambo makubwa. Tuliiweka alama hiyo baada ya bando la pili.

## Saa kumi na moja ya nani?

Jumatano walikwenda kiwandani. Fundi mitambo aliikubali mashine, mhasibu akapata profoma na bei ya maonyesho. Muuzaji alisema mashine iliyokuwepo itashikiliwa hadi Alhamisi saa 17:00. Mhasibu akaandika kwenye grupu: "Jibu linatakiwa kesho kabla ya saa 11 jioni."

China inatutangulia kwa saa tano. Saa kumi na moja jioni ya kule ni saa sita mchana ya Dodoma. Mwenyekiti aliisoma saa kumi na moja kama anavyoisoma siku zote, akaitisha kikao saa nane mchana ili wajumbe wa vijijini wapate usafiri. Wakajadili vizuri, wakakubaliana. Jibu lilipofika China ilikuwa imeshapita saa moja usiku, na mashine ilikuwa imeshachukuliwa na mnunuzi mwingine.

Kosa hili halikuhusu kompyuta hata kidogo, na ndilo lililogharimu zaidi. Kompyuta ya mhasibu ilikuwa imebaki kwenye saa za Afrika Mashariki, saa ya ukutani kiwandani ilikuwa ya China, na yeye aliandika aliyoiona ukutani.

## Matokeo

Ijumaa walipatana upya. Bei ilibaki ileile, ila mashine ikawa ya kundi litakalotengenezwa baadaye, wiki tatu mbele. Kwa kuwa alizeti yetu huvunwa Mei hadi Julai, ucheleweshaji huo haukuathiri msimu. Kabla ya malipo, mwenyekiti alimtaka mhasibu amsomee namba ya akaunti ya muuzaji kwa sauti, tarakimu baada ya tarakimu, na akailinganisha na ya kwenye profoma. Mwenyekiti aliona ni desturi tu. Mimi naiona kama kinga bora kuliko zote zilizotumika katika safari nzima, maana profoma ya barua pepe inaweza kubadilishwa namba njiani na mtu aliyeingia kwenye akaunti ya upande mmoja, na jicho lisione tofauti.

Matumizi ya bando la romingi yalibaki yote kwa fundi mitambo, kutoka mfukoni mwake.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi kilifanya kazi kwa bahati. Kama fundi mitambo angeizima romingi aliporudi kutoka Zambia, tusingekuwa na meseji, hotispoti, wala njia. Ushirika ulituma watu wawili kwa sababu ya ujuzi wao tofauti, na laini zao za mitandao miwili tofauti zikawa ndiyo akiba ambayo hakuna aliyeipanga.

Kilichoshindikana kilianzia kwangu. Ulinzi wa hatua mbili unaotegemea meseji unaifanya laini kuwa ufunguo, na ufunguo huo mama aliuacha nyumbani bila kujua, ingawa kadi yenyewe ilikuwa ndani ya simu. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja. Zikichapwa kwenye karatasi na kukaa na pasipoti, mtu anaingia kwenye akaunti yake hata kama laini imekufa. Kuzichapa ni kazi ya dakika mbili. Faili la hesabu na nakala ya katiba ya ushirika vingewekwa ndani ya kompyuta, mhasibu angefanya kazi Jumatatu nzima bila kumhitaji Google.

Nimejiuliza kama ningeweza kugundua DNS mapema. Ningegundua, kama ningeiunganisha kompyuta na Wi-Fi ya hoteli yoyote hapa Dodoma yenye ukurasa wa kujaza. Niliijaribu kwenye ruta yangu, ambayo haina ukurasa huo.

Ile tabia ya kufuta na kuweka upya nayo nailaumu, na tumeifundisha sisi mafundi. Mteja akituona tunafuta kila mara, anaamini kufuta ni tiba. Ugenini, kila kinachofutwa kinaweza kudai laini ili kirudi.

Kuhusu saa, tumekubaliana na ushirika huu kwamba yeyote aliye nje anaandika saa mara mbili, ya huko na ya Dodoma, na anaongeza mchana au usiku. "Saa 11 jioni ya China, saa 6 mchana ya Dodoma." Ni maneno mengi, lakini tangu hapo grupu zima linaandika hivyo, hata kwa mjumbe aliyekwenda Kampala, ambako saa ni ileile yetu.

Ofisini kwangu sasa, anayesafiri namtoa laini kwenye simu mbele yangu, nazima mtandao wa ofisi, namuunganisha na mtandao mwingine kabisa, halafu namwambia afungue kila atakachokihitaji huko. Tunakaa pamoja mpaka vyote vifunguke au mpaka tujue kwa nini havifunguki. Romingi anaiwasha yeye mwenyewe akiwa bado nchini. Mhasibu alikuwa wa kwanza kulifanya zoezi hilo, aliporudi, kwa kompyuta ileile.

Bando la fundi mitambo liliingizwa kwenye ajenda ya kikao cha Novemba chini ya mengineyo. Mhasibu alisimama mwenyewe kulisoma, na bodi ikalilipa siku hiyohiyo.